Bolti ya Nne

6 Februari

Mdogo wangu Chiriku,

Kwa heshima na taadhima, na baada ya kushauriana na wakuu wa nyumba hii (yaani mke wangu), nautangazia ukoo wote kwamba mkanda wangu wa suruali umefika tundu la mwisho. Mbele hakuna tundu jingine. Fundi viatu wa jirani amekataa kutoboa jipya, anasema ngozi iliyobaki haitoshi hata kufunga kidonda. Wifi yako alipokea taarifa hizi kwa utulivu, kisha akanipunguzia sukari kwenye chai. Lile jina la Gunia mlilonipa utotoni mlinionea. Sasa nimelistahili.

Sisi wengine hatujambo. Cherehani inakohoa lakini inashona. Paka amezaa kwenye kapu la vitambaa, na mteja mmoja amerudishiwa sketi yenye manyoya.

Najua ningepiga simu yakaisha. Lakini tangu uanze kuchambua barua pale posta, ulitutangazia kwamba ndugu anayekupigia simu anakutoa kazini, na mimi sitaki dhambi hiyo shingoni. Basi naandika, nawe ule mshahara wako kwa amani.

Sasa ombi lako. Unataka nikuchagulie jiko dogo la kuchomea nyama, la mkaa, la kile chuma kizito cha kusubu, la kuweza kubeba kwa mkono mmoja kutoka jikoni hadi kibarazani na kurudi. Vizuri. Lakini Chiriku, mimi ni fundi cherehani. Chuma ninachokijua kina tundu la uzi. Na nyumba hii, kama hujasahau, ina mtu aliyemimina chuma kilichoyeyushwa kwenye kalibu tangu ndevu hazijamwota mpaka zikawa nyeupe.

Nimesoma salamu zako mara mbili. Umemsalimia wifi, watoto, jirani, paka. Kuna mtu mmoja umemruka kama dimbwi. Sisemi kitu. Mimi ni gunia, na gunia halisemi.

Kaka yako


19 Februari

Kaka Gunia,

Pole kwa msiba wa mkanda. Nakushauri uhamie kwenye kamba, haina tundu la mwisho.

Mimi mzima. Kazini wametuletea mizani mpya inayosema uzito kwa sauti, na mkuu wetu wa kitengo, ambaye hakuwahi kumsikiliza mtu, sasa anaishukuru kila ikisema. Nyumba nayo nimeizoea. Kibaraza kile cha nyuma hakikunipa hata mchicha, basi nikasema kinipe nyama choma. Jumamosi wenzangu wa zamu hupenda kupita, nami nimechoka kuwapa chai kama wagonjwa.

Nataka jiko dogo, la watu wanne watano. Majiko ya bati ninayaona hapa, yanakunja uso kabla mwaka haujaisha. La chuma wanasema ukilitunza linakuzika. Huku kwetu hayapo, huko kwenu soko zima linanuka chuma. Ndiyo maana nimekuomba wewe.

Mtu niliyemruka sikumruka, kaka. Yeye ndiye aliyeniruka mimi. Nilimtayarishia chumba, nikanunua kitanda, nikamwekea mto mgongoni na kiti dirishani. Akitaka kuinua ndoo, namwambia, "Baba, acha, pumzika." Akishika ufagio, namnyang'anya kwa adabu. Wiki mbili hazikuisha. Narudi kazini nakuta kitanda kimetandikwa kama cha hospitali yeye amerudi kwenu, na jirani ana ujumbe: "Mwambie binti yangu mimi si pambo." Mwaka mzima sasa. Nilimkosea nini? Kuna watoto wanaowapiga baba zao, na wanasalimiwa.

Yule mwenye kiti cha mlangoni hajambo lakini? Anakula? Usimwambie nimeuliza.

Chiriku


14 Machi

Mdogo wangu,

Usinune kwa kuchelewa. Msimu wa sare za shule umenikalia kichwani. Wifi yako anakusalimu, na anasema wazo la kamba lilikuwa la kijinga ila limefanya kazi.

Jiko limepatikana, na liko njiani kwa basi, limefungwa kwenye blanketi kama mtoto. Nisikilize nilivyolichagua, maana nataka sifa zangu zote.

Kwanza nililikataa kila jiko lililopakwa rangi ya kung'aa. Rangi ni kama poda: huwezi kujua imefunika nini. Kuna watu huziba matundu ya chuma kwa lami na kupaka juu, ukiwasha moto mara ya kwanza unapata jiko na barabara kwa pamoja. Pili, niliyapindua nikatazama miguu. Iliyotolewa pamoja na jiko kwenye kalibu moja ni bora kuliko ya kufungwa baadaye. Wavu wa kuchomea niliutaka mzito, usioyumba. Mlango mdogo wa hewa chini ufunguke na kufungika bila ugomvi. Kishikio kiwe cha mbao, maana chuma hakina urafiki na mkono.

Halafu nililining'iniza kila moja kwa kamba na kuligonga kwa ufunguo wa geti, sikio karibu. Lililo zima linaimba, sauti inakaa hewani. Lenye ufa usioonekana linasema "kwa," kama mlango wa choo. Wauzaji walinitazama kama kichaa. La nane au la tisa ndilo lililoimba. Hilo ndilo lako.

Matunzo ni haya. Lioshe mara moja tu, likaushe hapo hapo. Lipake mafuta ya kupikia, kidogo, kisha lifute kana kwamba umejuta kuyapaka. Moto wa kwanza uwe mdogo, wa kulizoesha. Usimtume mgeni kubeba mizigo siku aliyofika. Litaanza kuwa jeusi lenye kung'aa, na hapo hata nyama haitang'ang'ania wavu. Majivu uyatoe kila yakipoa, usiyalaze humo, yanavuta unyevu na unyevu huzaa kutu. Kabla ya kulihifadhi, tone la mafuta tena. Kutu ikijitokeza usipige kelele, sugua, paka, washa.

Kulikuwa na neno jingine la mwisho lakini karatasi imekwisha, na wifi yako anasema hii ya pili ni ya kukatia vipimo. Halikuwa kubwa.

Mwenye kiti cha mlangoni anakula. Nusu sahani.

Gunia


9 Aprili

Kaka,

Kwanza asante. Kwa dhati kabisa, bila utani. Kondakta alilishusha akiuliza, "Mama, umeagiza nanga?" Nikalibeba kwa mkono mmoja mpaka nyumbani ili kumwonyesha, nikafika bega moja liko chini ya jingine.

Ni zuri, kaka. Dogo, duara, miguu mitatu mifupi kama ya kondoo. Nililipaka mafuta, nikajuta, nikalifuta, kama ulivyosema. Jumamosi iliyofuata wenzangu walikuja. Yule wa mizigo mizito, anayejulikana kwa kula amesimama, alikaa chini. Samaki hakunata. Mahindi yalipasuka, tukacheka ovyo, na jirani aliyewahi kunipa ule ujumbe alitokea uani na sahani yake mwenyewe bila kuitwa. Sikumbuki mara ya mwisho nyumba hii kuwa na kelele hivyo.

Jiko liko salama.

Nina swali dogo tu, la kujifunza. Ni kawaida jiko kama hili kupumua pembeni? Chini karibu na mlango wa hewa, moto ukikolea, naona mstari mwembamba mwekundu, kama mtu anayechungulia mlangoni. Labda ndivyo lilivyo. Usijisumbue kujibu haraka.

Swali la pili. Wewe tangu lini unajua kuning'iniza chuma na kukisikiliza? Wewe ambaye ulinunua cherehani isiyo na pedeli ukagundua umeshafika nyumbani?

Chiriku


17 Aprili

Mdogo wangu mpenzi,

Leo sina mzaha mwingi. Nina mkanda wa kamba na dhamiri.

Barua zako huwa nazisoma kwa sauti, wifi yako akikunja nguo. Hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba kila nikianza kusoma, kile kiti cha mlangoni husogezwa ndani kidogo. Mwenyewe haangalii. Anajifanya anatafuta miwani, nayo iko puani. Nikikatiza kunywa maji anakohoa mpaka niendelee. Ile ya Februari, yenye mto na ndoo na ufagio, nilifika pale nikataka kuruka. Akasema, "Soma kama ilivyoandikwa." Nikasoma. Wakati wa chakula cha jioni akauliza, "Anataka jiko la ukubwa gani?"

Jiko hakulichagua Gunia. Mimi nilibeba kamba tu. Yeye ndiye aliyeyaning'iniza soko zima na kuyagonga kwa ufunguo, na mimi niliona aibu nikajificha nyuma ya duka la masufuria. Muuzaji mmoja akamwambia, "Mzee, hili si zumari." Akajibu, "Najua. Zumari lako lina ufa." Wakagonga tena wote wawili, muuzaji akaliondoa mbele ya duka mwenyewe. Blanketi ni lake la kitandani. Alinikataza kukuambia. "Mwambie umechagua wewe," alisema, "asije akaona ninajipendekeza."

Sasa jana nilisoma barua yako. Nilipofika kwenye mstari mwekundu unaochungulia, sauti ikatoka mlangoni, kavu: "Amelimwagia maji."

Nikasema labda chuma kilikuwa kibovu. Chiriku, sijawahi kutazamwa vile. "Lile lilikuwa linaimba," alisema. "Amelimwagia maji lina moto."

Hilo ndilo neno la mwisho lililokosa karatasi: lisimwagiwe maji likiwa na moto. Alinitajia la kwanza, mimi nikaliweka mwisho, kisha nikajaza ukurasa kwa poda na barabara na vichekesho vyangu. Makosa ni yangu nusu. Nusu nyingine nakuachia.

Anauliza jambo moja, na anataka jibu la jambo hilo tu: ufa umefika mdomoni mwa jiko au umeishia katikati? Na lisiguswe.

Kaka yako


25 Aprili

Kaka,

Umeishia katikati. Umeanzia kona ya mlango wa hewa na kupanda kama urefu wa kidole changu cha kati. Mdomoni haujafika.

Nilikuandikia "jiko liko salama" nikalia, kama unataka kujua.

Ilikuwa Jumamosi ile ile. Wageni wameondoka, makaa bado mengi, mekundu, mazuri. Unamkumbuka Mama, Mungu amrehemu. Kila jioni ya maisha yetu alichota kikombe cha maji, akayanyunyizia makaa yaliyobaki, "tss," akayaanika yawe ya kesho. Hakuna aliyekua kwenye nyumba ile akaweza kutazama mkaa ukiungua bure. Mkono wangu ulichota kikombe kabla yangu. Wala sikunyunyiza, nilikuwa na furaha, nikamwaga. Jiko likasema "ta." Sauti ndogo tu, kama kijiti kuvunjika. Nikajua. Nikaketi kwenye ngazi na kikombe mkononi, nikamwambia Mama, jiko lako lilikuwa la udongo, mama yangu, lilikuwa na uvumilivu.

Nilificha kwa sababu nilidhani umelichagua wewe na ungenitania mpaka uzee. Laiti ningejua ni la nani, ningeficha zaidi.

Sitamwambia aje. Usidhani ninamwambia aje. Alishakuja akaondoka, na kitanda bado kimetandikwa kama alivyokiacha. Mwambie tu ufa upo, na hapa hakuna fundi anayejua chuma hicho. Nimempelekea mchomeleaji wa mtaa wa pili. Amesema anaweza, na niliona machoni kwamba hawezi. Nikalirudisha.

Blanketi nimelifua.

Chiriku


3 Mei

Kwa binti wa nyumba hii,

Nina heshima kukutaarifu kwamba mzigo uko tayari kutumwa, na safari hii haukufungwa kwenye blanketi.

Nilimsomea barua yako. Kwenye kile kikombe cha Mama aliinuka akatoka nje, akarudi. Nilipofika "usidhani ninamwambia aje," akasema, "Sawa, hajaniambia." Akaenda chini ya kitanda akavuta sanduku lake la kazi, lile tulilokatazwa kuligusa utotoni. Asubuhi akanifanya nimnyooshee shati.

Amebeba keekee ya mkono ya kutobolea, iliyofungwa kwenye taulo, kipande cha chuma bapa, na bolti nne ndani ya soksi. Nguo amebeba mbili tu. Nikasema, "Baba, beba na sweta." Akaniambia sweta haitoboi chuma.

Atafika Jumatano ya wiki ijayo, mchana. Nakusihi kwa mapenzi yote niliyo nayo kwako, na ni mengi, hata mkanda unajua: usimwekee mto. Akiinua ndoo, tazama pembeni. Neno "pumzika" lifungie kabatini mpaka aondoke.

Na umwandikie Gunia ukweli wa mambo, si hadithi za "liko salama."

Kaka yako


28 Mei

Kaka mpenzi,

Barua hii ina kurasa mbili. Ya kwanza isome kwa sauti, polepole, ukimgeukia aliye mlangoni. Ya pili ni yako.

Tumshukuru Mungu, Baba alifika salama na ameondoka salama, nina hakika ameshakueleza. Kazi aliyoifanya ni ya kujivunia. Kwanza alitoboa tundu dogo pale ufa ulipoishia, akanieleza kwamba ufa ni kama umbeya, usipoukatia njia utafika mdomoni. Kisha akafunika kwa kile kipande bapa na kukifunga kwa bolti. Jiko halichungulii tena. Ameniachia sheria moja, nimeiandika ukutani kwa chaki: MAKAA YAFUNIKE, USIYANYWESHE. Tunafunga mlango wa hewa, tunaweka kifuniko cha sufuria kuukuu juu, na makaa yanazima yenyewe, yanabaki ya kesho. Mama angekubali. Baba, kama unasikiliza, asante. Kibaraza kinakusalimu.

Sasa geuza ukurasa, kaka, na unyamaze.

Ukweli ni huu. Jumatano nilimpokea stendi, nikamkuta amebeba sanduku mwenyewe, na kila kiungo changu kikataka kumpokonya. Sikumpokonya. Tulitembea hivyo mpaka nyumbani, yeye na sanduku, mimi na mikono mitupu inayoniwasha. Mlangoni hakuingia ndani. Alipita moja kwa moja kibarazani, akaliinua jiko kwa kamba, akaligonga. Likasema "kwa." Akafumba macho. Nilisubiri anigombeze, nilikuwa nimejiandaa tangu Aprili. Akasema tu, "Shika hapa."

Nikashika. Kaka, kazi yote ya Alhamisi na Ijumaa ilikuwa "shika hapa," "leta kile," "si hicho, chiriku wewe." Keekee inazunguka, unga mweusi wa chuma unamwagika mapajani mwangu, nikiwa na sare ya posta maana sikupata muda wa kuivua. Mara moja alichoka, keekee ikasimama. Neno nililolifungia kabatini lilitoka mpaka kwenye meno. Nikalimeza. Nikasema, "Nionyeshe nijaribu." Akanipa keekee, akaketi kwenye ngazi, akanikosoa kila mzunguko. Hakuna pumziko alilowahi kulifurahia hivyo.

Jumamosi wenzangu walikuja. Yeye ndiye aliyechoma. Yule wa mizigo mizito alimwambia, "Mzee kaa, tukuhudumie," nikamkanyaga mguu chini ya meza. Baba alikula sahani nzima, kaka, kisha akaomba samaki mwingine na kusingizia ni wa jirani.

Kuhusu kile kitanda na ule ujumbe wa pambo, hatukuzungumza. Nilidhani tutazungumza. Aliyasema yote kwa bolti.

Ndiyo, bolti. Kiraka kina matundu manne. Bolti zilizofungwa ni tatu. Jumapili, anapanga sanduku, nikamwonyesha tundu tupu. Hakunitazama. Akasema, "Hiyo ya nne haifungwi sasa. Chuma lazima kwanza kizoee. Nitakuja kuifunga mwenyewe." Bolti ameiacha kwenye soksi, kwenye droo ya chumba chake. Amesema chumba chake, kaka. Kitanda safari hii hakukitandika.

Baada ya kumsindikiza nilikwenda kwa yule mchomeleaji wa mtaa wa pili nikamuuliza kama chuma huhitaji muda wa kuzoea kabla ya bolti ya nne. Alicheka akasema hajawahi kusikia kitu kama hicho.

Nilirudi nyumbani, nikaitoa kwenye soksi, nikaijaribu kwa vidole. Iliingia laini, mpaka mwisho, kama sindano yako kwenye hariri. Nikaichomoa, nikaipaka tone la mafuta isije ikashika kutu, nikairudisha ndani ya soksi, droo ikafungwa.

Mdogo wako,
Chiriku